Barua ya wazi: Viti vya "kuchangia mafuta" kwenye ndege binafsi Nyanda za Juu Kusini

Kwa: Waheshimiwa wenye dhamana ya usalama wa anga, pamoja na wasimamizi wa viwanja vya ndege vya Iringa, Njombe na Mbeya

YAH: NDEGE BINAFSI KUBEBA WATU WASIOMFAHAMU RUBANI KWA MALIPO

Waheshimiwa,

Salamu, na poleni na majukumu. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni marubani wenye leseni binafsi na mafundi wa ndege ndogo tunaofanya kazi zetu ukanda huu. Suala hili tulilileta kwanza kwa maandishi, kimyakimya, kama inavyotakiwa. Tuliambiwa limepokelewa. Baada ya hapo hakuna aliyetuita wala kutuuliza, na viti vinaendelea kuuzwa. Tunaandika hadharani kwa sababu wanaohatarishwa hawajui kama wanahatarishwa.

Biashara yenyewe inakwenda hivi. Tangazo linatupwa kwenye kundi la WhatsApp: Jumamosi, Nduli (uwanja wa ndege wa Iringa) kwenda Ruaha na kurudi, viti viwili vimebaki, changia mafuta. Anayejibu ni mgeni wa hoteli, mfanyabiashara mwenye haraka, au kijana anayetaka picha za angani. Rubani hamjui. Pesa inatumwa kwa simu, na asubuhi watu wanakutana uwanjani kwa mara ya kwanza.

Leseni ya rubani binafsi inamruhusu mwenye nayo kubeba abiria, ila haimruhusu kulipwa kwa kuwabeba. Huo ndio msimamo wa kimataifa na ndio wa kwetu. Tofauti ya leseni hizi mbili si ya karatasi. Kiwango cha chini cha kimataifa kwa rubani binafsi ni saa 40 za kuruka, au 35 akisoma chuo kilichoidhinishwa. Kwa rubani wa biashara ni saa 200, au 150 chuoni. Vipimo vya afya vya rubani wa biashara ni vya daraja la kwanza, na nyuma yake kuna kampuni yenye cheti cha uendeshaji, ratiba ya matengenezo, mkaguzi na bima ya abiria. Hayo yote yaliwekwa kwa ajili ya mtu mmoja tu: yule asiyemjua rubani.

Ndugu wa rubani anajua kama jamaa yake hulewa, kama ana papara, kama amekaa miezi bila kuruka. Abiria wa Coaster ya Mbeya–Tukuyu akiona tairi limekwisha, anashuka Uyole na kupanda nyingine. Aliyeitwa uwanjani na tangazo la simu hana cha kukagua, na mlango ukishafungwa hakuna kituo mbele. Hoja zetu ni hizi.

1. Mpaka kati ya kuchangia gharama na kulipa nauli haujaelezwa kwa lugha ya mwananchi

Hakuna ubaya marafiki kugawana mafuta. Ubaya uko kwenye hesabu. Tuseme gharama za moja kwa moja za safari, yaani mafuta, oili na ada za uwanja, ni shilingi 600,000, na ndani ya ndege kuna watu wanne. Mgawo wa haki ni 150,000 kwa kila mmoja, rubani akiwamo. Akiwatoza abiria watatu 200,000 kila mmoja, yeye ameruka bure na anaongeza saa kwenye kitabu chake kwa pesa za watu. Hiyo ni nauli. Akitoza 250,000, ana faida ya 150,000, na hapo hata neno kuchangia halifai kutajwa.

Wenzetu wameshalishughulikia. Marekani, rubani binafsi haruhusiwi kulipa chini ya mgawo wake, anatakiwa awe na sababu yake mwenyewe ya kwenda huko abiria wanakokwenda, na haruhusiwi kujitangaza kwa umma. Kampuni ya Flytenow, iliyokuwa ikiwaunganisha marubani na abiria kwa mtandao, ilipinga msimamo huo, na mwaka 2015 mahakama ya rufani ya Washington ikaamua kwamba mamlaka ya anga ilikuwa sahihi. Ulaya wamelegeza zaidi: matangazo ya kugawana gharama yanakubalika, mradi watu wasizidi sita pamoja na rubani, zigawanywe gharama za moja kwa moja tu, na rubani naye atoe sehemu yake. Sisi hatuwaambii mfuate wapi. Tunachosema ni kwamba kote huko mtu anaweza kusoma mpaka uko wapi kabla hajatoa pesa. Hapa rubani muungwana anahofia kugawana hata na shemeji yake, na asiye muungwana anauza viti mchana kweupe.

2. Uzito na mwinuko: hapa ndipo ndege inapoanguka

Tutakaa kwenye hoja hii, kwa kuwa ndiyo inayotunyima usingizi.

Chukueni Cessna 172S, ndege ya viti vinne. Uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 1,157. Ikiwa tupu na vifaa vya kawaida huwa karibu kilo 770. Zinabaki kilo 387 za watu, mizigo na mafuta. Watu wazima wanne wa kilo 80 ni kilo 320. Zimebaki 67. Lita ya avgasi, yaani petroli ya ndege, ina kilo 0.72, kwa hiyo hizo 67 ni lita 93, na hapo hata begi moja halijapakiwa. Matangi yakijazwa yanabeba kama lita 200 zinazotumika, sawa na kilo 144. Jumlisha: watu wanne na matangi kamili ni kilo 1,234. Ndege imezidi kwa kilo 77, kana kwamba kuna mtu wa tano amekaa mapajani mwa wenzake.

Kwa hiyo ndege ya viti vinne si ndege ya watu wanne. Anayeuza viti vitatu ana sababu ya kusahau hilo, kwa sababu kila kiti kitupu ni pesa iliyopotea. Hapimi abiria, anawauliza kilo zao kwa simu, au hawaulizi kabisa.

Sasa ongezeni mwinuko. Songwe, uwanja wa Mbeya, uko kama mita 1,300 juu ya bahari, Nduli zaidi ya 1,400, na Njombe ni zaidi ya 1,900. Hewa ya huku ni nyepesi: bawa linabeba kidogo, propela inavuta kidogo, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Tuchukue kiwanja cha nyasi cha futi 6,000, yaani kama mita 1,830, mwinuko wa kawaida upande wa Njombe na Mufindi. Joto la vitabuni kwa mwinuko huo ni nyuzi 3. Saa saba mchana likifika 23, ndege inajiona iko kama futi 8,400, na robo ya nguvu za injini haipo.

Kitabu cha ndege hiyo kinasema kwamba usawa wa bahari, hali ya kawaida, kwenye lami kavu, inahitaji takriban mita 500 tangu kuanza kukimbia hadi kuvuka kikwazo cha futi 50. Kwa kanuni za mkato wanazofundishwa marubani binafsi wa Uingereza, unaongeza asilimia 10 kwa kila futi 1,000 za mwinuko: mita 500 zinakuwa 885. Asilimia 10 kwa kila nyuzi 10 zilizozidi joto la kawaida: 1,071. Asilimia 20 kwa nyasi kavu: 1,285. Kisha unazidisha kwa 1.33 ili ubaki na akiba: mita 1,709. Zile kilo 77 za ziada zinaongeza tena kama asilimia 13, na sasa unavuka mita 1,900. Nyasi zikiwa na maji, au njia ikipanda kilima, hesabu inazidi kukua. Viwanja vingi vya nyasi havina urefu huo, na mwisho wake kuna mikaratusi.

Aliyejifunzia Dar es Salaam ana mtego mwingine. Amezoea kusukuma mchanganyiko wa mafuta mpaka mwisho kabla ya kuruka. Akifanya hivyo Njombe, injini inapata mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, inakohoa, na ile nguvu iliyobaki inapungua tena. Anatakiwa apunguze mchanganyiko akiwa bado ardhini, injini ikivuma kwa nguvu zote, hadi mizunguko ifike kileleni. Akija kutua, mshale wa mwendo unasoma kama kawaida lakini ardhi inapita chini yake kwa kasi zaidi. Akiamini macho badala ya mshale, anavuta pua mapema, mwendo unapungua mno, na bawa linaacha kubeba ndege karibu na ardhi. Mambo haya hufundishwa kwa nusu siku na mwalimu anayeujua ukanda huu. Hakuna anayewalazimisha wauza viti wayajifunze.

3. Milima na mawingu

Abiria wengi wanaomba kuona Kitulo maua yakiwa yamechanua. Maua hayo huja na mvua, kati ya Novemba na Aprili, msimu uleule wa mawingu yaliyolala juu ya vilele.

Anayetoka bonde la Usangu anatakiwa kupanda kama mita 1,500 ili tu aifikie nyanda ya Kitulo. Ndege iliyojaa, kwenye joto, hupanda labda futi 300 kwa dakika, yaani kama mita 90. Hizo ni karibu dakika 17, na kwa mwendo wa noti 75, yaani kama kilomita 139 kwa saa, atakuwa amekwenda kama kilomita 39. Ukuta wa Chimala, ule unaopandwa na barabara ya kona hamsini na saba, hautoi kilomita hizo. Anayejua anazunguka juu ya bonde mpaka apate kimo, ndipo anaelekea mlimani kwa pembe ya nyuzi 45, akiwa na akiba ya futi 1,000 juu ya kingo, na 2,000 kama kuna upepo, ili hewa ikimshusha aweze kugeuka upande wa bondeni. Asiyejua anaufuata mto ndani ya korongo, korongo linabana, na ardhi inapanda kwa kasi kuliko ndege. Mahali pa kugeukia panakuwa pameisha dakika mbili nyuma.

Ukungu wa Mufindi na Rungwe nao hufunga njia haraka. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwapima wanafunzi 20 wasiofundishwa kuruka kwa kutazama vyombo tu bila kuona nje. Wote walipoteza udhibiti walipoondolewa mwonekano wa nje, kwa wastani wa sekunde 178. Rubani anayeruka na rafiki yake akiona wingu hugeuza, wakanywa chai na kurudi nyumbani. Aliyekwisha kupokea pesa za watu watatu, mmoja wao akiwahi basi, anajaribu. Msukumo huo haumo kwenye mafunzo ya saa 40.

4. Mafuta na hewa ya sumu

Avgasi ni ya shida ukanda huu, na shida hiyo huleta madumu. Avgasi ya 100LL ina rangi ya buluu. Ukichukua sampuli kwenye kichupa na kukiinua mbele ya karatasi nyeupe, maji yanaonekana chini kama shanga, na avgasi ikiwa imepauka au inanuka mafuta ya taa, kuna kitu kimechanganywa. Cessna 172S ina vali 13 za kutolea sampuli, tano chini ya kila bawa na tatu mbele. Abiria akimwona rubani amechukua sampuli moja tu akarusha mafuta pembeni bila kuyatazama, ana haki ya kushuka. Petroli ya gari nayo, kwa joto na mwinuko, huweza kugeuka mvuke ndani ya mrija na kuizima injini. Kwenye ndege za zamani zenye kabureta, unyevu wa Tukuyu hutengeneza barafu ndani ya kabureta hata nje kukiwa na nyuzi 15.

Halafu kuna hita. Juni na Julai huku ni baridi, na hita ya ndege hizi huchota hewa inayopita juu ya bomba la eksozi. Bomba likiwa na ufa, kaboni monoksidi inaingia ndani ya kabini. Haina rangi wala harufu. Kadi ya doa, ile inayobadilika rangi ikikutana na gesi hiyo, inayobandikwa kwenye dashibodi huisha nguvu baada ya muda mfupi, na tumeona zilizofifia kabisa. Kinachofaa ni king'amuzi cha betri chenye king'ora.

5. Bima

Hili ni fupi. Bima ya matumizi binafsi hukataa kulipa ndege ikibeba watu kwa malipo. Familia ya abiria inabaki na risiti ya muamala wa simu.

Waheshimiwa, baadhi ya mambo haya yalikutana katika safari moja inayojulikana dunia nzima. Tarehe 21 Januari 2019, mchezaji mpira Emiliano Sala alipanda ndege ndogo ya Piper Malibu kutoka Nantes, Ufaransa, kwenda Cardiff. Rubani alikuwa na leseni binafsi isiyomruhusu kulipwa, na sifa za kuruka usiku hakuwa nazo. Ndege ilivunjikia angani na kuzama baharini karibu na Guernsey. Damu ya Sala ilikutwa na kaboni monoksidi kwa kiwango cha asilimia 58, na ndani ya ndege hakukuwa na king'amuzi chenye king'ora. Aliyeiandaa safari hiyo alihukumiwa Novemba 2021 kifungo cha miezi 18. Hukumu ilikuja wakati wawili wameshakufa.

Tunajua majibu yanayoweza kutolewa.

Kuna watakaosema hao ni marafiki wanaosafiri pamoja. Rafiki hatafutwi kwa tangazo, wala hapangiwi bei ya kiti.

Kuna watakaosema hatujapata ajali kubwa ya aina hii huku kwetu. Ndege iliyozidi uzito huruka salama asubuhi yenye baridi na kushindwa mchana wa siku hiyohiyo, kwenye kiwanja kilekile. Safari zilizofanikiwa hazithibitishi kitu.

Kuna watakaosema wakaguzi ni wachache na viwanja ni vingi. Ni kweli. Lakini wauzaji wanajitangaza wenyewe, kwa tarehe, saa na mahali. Mkaguzi mwenye simu anajua Jumamosi aende wapi.

Kuna watakaosema tukibana, wagonjwa wa vijijini watakosa ndege. Safari za huruma zinazofanywa na mashirika yenye vyeti haziguswi na barua hii. Tunaziheshimu na tunazihudumia. Wala hatuombi mtupige marufuku sisi wenyewe. Rubani binafsi anayempandisha mtoto wa jirani bure aone Mlima Rungwe kutoka juu amefanya jambo jema, na tungependa liendelee.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Waraka wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ueleze gharama zipi zinagawanywa, rubani alipe kiasi gani, na kama tangazo kwa umma linaruhusiwa au la. Ubandikwe kila kiwanja, hata vile vya mashamba ya chai na misheni.

(b) Orodha ya waendeshaji wenye vyeti pamoja na namba za ndege zao, iwekwe mahali mtu anaweza kuisoma kwa simu akiwa bado nyumbani.

(c) Mizani kila kiwanja kinachopokea abiria. Ya bafuni inatosha. Abiria na begi wapimwe, hesabu iandikwe, nakala ibaki chini kabla ndege haijaondoka.

(d) Rubani binafsi anayebeba mtu yeyote katika viwanja vilivyo juu ya futi 4,000 awe na sahihi ya mwalimu kwamba amefundishwa kuruka milimani, na awe ameruka na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita.

(e) King'amuzi cha kaboni monoksidi chenye king'ora katika kila ndege ya injini ya pistoni inayobeba abiria.

(f) Ukaguzi wa kushtukiza mwishoni mwa wiki, hasa Juni hadi Oktoba watalii wanapoelekea Ruaha.

(g) Namba moja ya kutolea taarifa, na mtoa taarifa ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14. Fundi anayeona ufa kwenye eksozi ya ndege ya tajiri wake anahitaji mahali pa kusema bila kupoteza kazi.

La (a) na la (b) hayahitaji bajeti mpya. Yanaweza kutoka mwezi huu. Tunaomba jibu lenu la maandishi ndani ya siku 30. Matangazo, namba za ndege na tarehe za safari tunazo. Tutazikabidhi ofisini, siyo mitandaoni, siku yoyote mtakayotuita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Marubani binafsi na mafundi wa ndege ndogo,
Nyanda za Juu Kusini

Nakala:
Wakuu wa mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe
Wenye hoteli na kambi za watalii, Iringa na Ruaha
Wenyeviti wa vijiji vyenye viwanja vya ndege